Simu Inayoenea Kiganjani

Wako watu, na baadhi yao ni wasomi wa kutosha, wanaoamini kwamba ukubwa wa simu ni kipimo cha heshima ya mwenyewe. Mzee akitoa simu pana kama sinia husogezewa kiti. Akitoa nyembamba huulizwa kama watoto wake hawamkumbuki. Mimi nina miezi mitano sasa na simu janja mpya, ndogo, ya bei ya kati, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri nilijibu kwa maandishi, mara moja, na kwa ukali kidogo.

Jina la simu yenyewe silitaji, kwa kuwa hakuna aliyenilipa niitangaze. Upana wake ni milimita 68; nimeupima mwenyewe kwa rula. Uzito ni gramu 164, nao nilipimiwa na sonara, ambaye alidhani nimeleta mkufu. Inaingia katika mfuko wa shati bila kulivuta shati upande. Nikiishika kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono ule ule hufika karibu kila mahali pa kioo. Hilo ndilo jambo ninalolitetea, nalo si dogo kama linavyosikika.

Mtu wa kwetu mara nyingi hatumii simu akiwa ameketi mezani. Huitumia akiwa amesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Huitumia sokoni, mkono mmoja una kikapu. Mama huitumia huku amempakata mtoto. Tena tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata na huduma zake, simu imekuwa ndiyo pochi. Ni pochi gani hii inayomlazimu mtu aishike kwa mikono miwili mbele ya umati? Mimi namba ya siri huiandika kwa kidole gumba huku kiganja cha mkono wa pili kimekifunika kioo chote. Jirani yangu, mstaafu mwenzangu, ana simu ya karibu inchi 7. Kioo kinang'aa kama taa ya karabai, na siku akiisahau namba yake nadhani kituo kizima cha basi kinaweza kumkumbusha. Twacheka, lakini iliyomo humo ni pensheni, na mzee akishaibiwa pensheni ya mwezi hana pa kwenda kuidai.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaandaa walimu, na katika somo la vifaa tulianza na neno hili: kifaa hupimwa kwa mtoto, mtoto hapimwi kwa kifaa. Wakati wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1977, nilikuwa mwalimu kijana, nami niliona madarasa yenye madawati ya kipimo kimoja tu, watoto wa darasa la kwanza miguu inaning'inia na kidevu kiko sawa na daftari. Ukimuuliza fundi, alijibu kwamba hiyo ndiyo saizi iliyoagizwa. Jibu hilo hilo ndilo ninalopewa leo Kariakoo: "Mzee wangu, siku hizi ndizo zinazokuja." Zinakuja! Kana kwamba ni mvua.

Hazikuja zenyewe. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5. Mwaka 2011 Samsung walipotoa Galaxy Note yenye inchi 5.3, wapo walioicheka kwamba ni ubao wa kuandikia. Leo simu mpya yenye inchi hizo ni shida kuipata dukani. Watengenezaji hujitetea kwa kusema kwamba ndogo walizijaribu na watu wakazikataa, na mfano wanaoupenda ni wa Apple, waliotoa iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka 2021, zote za inchi 5.4, kisha mwaka 2022 wasitoe nyingine.

Sasa hapo, kama mtunga mitihani wa zamani, ninayo haki ya kusema kitu. Mtihani ukipima mambo matatu kwa pamoja, huwezi kutoa alama ya jambo moja. Ile mini ya kwanza ilianza kuuzwa dola 699, katika mwaka wa korona, na betri yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake. Mwaka ule ule kampuni ile ile ilikuwa inauza simu nyingine ndogo, iPhone SE, kwa dola 399. Mnunuzi aliyeiacha mini alikataa udogo, au bei, au betri? Hakuna ajuaye kwa kuangalia mauzo peke yake. Kwa upande wa simu za bei nafuu tunazoletewa huku kwetu mambo ni mabaya zaidi: ukiomba ndogo unapewa kiswaswadu, au simu janja yenye kumbukumbu haba inayokwama ukifungua picha ya pili. Kisha husemwa kwamba Mtanzania hapendi simu ndogo. Mtanzania hapendi simu mbovu!

Ubaya mwingine umo katika kipimo chenyewe. Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Aliyesoma jometri ya shule anajua kwamba mshazari peke yake haukuambii upana. Kioo cha inchi 5.5 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina upana wa zaidi ya milimita 68. Kioo cha inchi 6.1 chenye uwiano wa 21 kwa 9 kina upana wa milimita 61 tu. Kile kinachotajwa kuwa kikubwa ndicho chembamba mkononi! Vidole huzunguka upana, havizunguki mshazari, na kwa wenye mikono midogo, hasa wanawake wengi, milimita hizo saba ndizo tofauti ya kushika na kudondosha. Caroline Criado Perez, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu vitu vinavyoundwa kwa kipimo cha mwanamume, aliigusia simu pia. Huku kwetu sijasikia bado mwenye duka akimwomba mteja anyooshe mkono autazame.

Nitaambiwa: na macho ya wazee je? Ni hoja ya haki. Herufi nimezikuza katika mpangilio wa simu, hivyo mistari ni mifupi nami nasogeza kioo mara nyingi zaidi. Ramani hunisumbua, na gazeti nalisoma la karatasi. Aliyefifia macho kuliko mimi, au anayetazama mpira kwenye simu, anunue kubwa na aifurahie. Betri, waliyozoea kuitoa kama kisingizio, ya kwangu inafika usiku bila kuchajiwa. Nyembamba hii wameirefusha, na nafasi ikapatikana.

Ninachodai ni kidogo sana. Wafanyabiashara wetu wanaosafiri hadi Guangzhou kuagiza mizigo waagize pia, katika kila shehena, simu chache nyembamba zenye kumbukumbu na kamera sawa na zile pana za bei ileile, ili kwa mara moja pafanyike mtihani wa haki. Na kwenye kabati la duka, chini ya bei, paandikwe upana kwa milimita. Kijana mmoja wa duka nililopitia mwezi uliopita alisema hilo la upana anaweza kulianza hata kesho, ila hana cha kupimia. Nikamwachia rula yangu.