Kompyuta Yako Haihitaji Rejeta

Wasomaji wangu, leo naomba tugombane kidogo. Kuna ugonjwa umeingia mjini. Ukikaa na machalii wa Arusha wanaojua kompyuta, wale wanaohariri video, wanaochora ramani za nyumba, wanaocheza gemu hadi majogoo, dakika kumi haziishi kabla mmoja hajasema anataka kuipoza mashine yake kwa maji. Siyo seva ya benki, jamani. Kompyuta ya nyumbani! Iko Sakina au Moshono, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na mwenyewe anataka aifungie pampu, mipira ya maji na rejeta kama ya Land Rover.

Mimi nasema hapana. Anayetaka kunijibu anijibu kwa hoja, siyo kwa kunitumia video ya kijana wa Kimarekani mwenye maji ya zambarau yanayozunguka ndani ya kioo.

Tuanze na kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana nimegundua wengi wanaokitaka hawakijui. Prosesa ikifanya kazi inatoa joto, na joto lile lazima liondoke. Njia ya kawaida ni kuilaza juu yake chuma chenye mapezi mengi membamba, kisha feni inapuliza. Njia ya maji ni hii: maji yanapita ndani ya kibati cha shaba kilichoegemea prosesa, yanabeba joto, pampu inayasukuma hadi kwenye rejeta, na kwenye rejeta kuna... feni. Rudia kusoma hapo. Mwisho wa safari yote ile kuna feni inayopuliza hewa ya chumbani kwako. Maji hayalimezi joto likapotea. Yanalihamisha tu kutoka hapa hadi pale, mwendo wa rula moja ya shule. Fundi yeyote wa Unga Limited atakwambia gari linaweza kuchemsha likiwa na maji tele, kwa sababu feni imekufa au rejeta imeziba.

Halafu kuna kichekesho ambacho wauzaji hawakwambii. Vipozeo vizuri vya hewa vya siku hizi tayari vina maji ndani! Yale mabomba membamba ya shaba unayoyaona yakipenya kwenye mapezi si shaba tupu. Yamefungwa na maji kidogo sana ndani yake. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unakuwa maji tena, unarudi. Pampu haipo. Mpira wa kupasuka haupo. Ubovu pekee wa kuogopa ni feni, na feni unaibadilisha mwenyewe kwa bisibisi moja huku chai inachemka.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa, maana hapa ndipo ninapochoka kabisa. Unaishi Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wenye urefu wa mita 4,500 na ushee. Julai watu wanalala na mablanketi mawili. Hata Februari, kwenye joto letu, kipimajoto kinahangaika kufika nyuzi 30. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaokaa na nyuzi 32 na jasho juu yake, wao ndio wangekuwa na haki ya kulia. Wewe uliyevaa sweta unalilia nini?

Nimeshajibiwa na jamaa mmoja msomi: "Lakini kaka, huku juu hewa ni nyepesi, haibebi joto vizuri." Ni kweli, na nampa heshima yake, kwa sababu hiyo ni hoja. Hewa ya kimo chetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Basi tupige hesabu kwa ukali, bila kujionea huruma. Chukua kipozeo ambacho Dar kinaiacha prosesa nyuzi 40 juu ya joto la chumba. Chumba nyuzi 32, prosesa 72. Kilete Arusha, kiadhibu kwa hewa nyepesi, hizo 40 ziwe 47. Chumba chetu nyuzi 22, prosesa 69. Bado tumewashinda! Na msisahau kwamba rejeta nayo inapulizwa na hewa hiyohiyo nyepesi. Maji hayakukimbizi kutoka kwenye mwinuko wa Meru.

Nyuzi 69 zenyewe si homa. AMD walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walieleza wazi kwamba zimeundwa kufika nyuzi 95 na kuendelea na kazi. Prosesa nyingi za Intel za miaka hii zinaanza kujipunguza mwendo zikikaribia 100. Na prosesa wanazonunua wengi wetu ni zile za wati 65, yaani joto la balbu moja ya kizamani. Balbu! Bibi yako aliwasha balbu ya wati 60 sebuleni miaka thelathini na hakuifungia pampu.

Kinachoua kompyuta Arusha ni vumbi. Udongo wetu ni majivu ya mlima, laini kama poda, na kuanzia Juni mpaka mvua za vuli unaingia kila mahali. Mtu wa Kisongo au Muriet haitaji kuelezwa. Fungua kava la mashine iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa, utakuta blanketi la kijivu limejishona kwenye mapezi. Hapo ndipo joto linapanda, mwenyewe anasema "hewa imeshindwa, nataka maji". Hewa haijashindwa, ndugu yangu. Hewa haipiti. Na rejeta ina mapezi yaliyobanana zaidi, itaziba vilevile, tena kuisafisha ni kazi zaidi kwa sababu imefungwa feni upande mmoja na mipira inakuzuia kuitoa. Tafuta fundi mwenye blowa, au nunua yako. Puliza kila baada ya miezi mitatu, uzishike feni kwa kidole zisizunguke kama pia. Kava usiliweke sakafuni.

Adui wa pili ni umeme. Tumepita mgao wa 2006, tukapita wa 2011, tukapita ule wa 2023 uliovuka mpaka 2024. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024 na watu wakashangilia, nami nikiwemo. Lakini bwawa liko Rufiji, sisi tuko huku juu, na Machi 2025 Rais Samia mwenyewe alieleza mpango wa kanda ya kaskazini kununua umeme wa Ethiopia kwa sababu ya umeme unaopotea njiani. Mambo ya gridi nayaacha kwa siku nyingine. Ninachosema ni kwamba umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaua pawa saplai na diski kuliko joto lolote la Februari.

Hapa niwape mfano. Kuna kijana wa Sakina anapiga video za harusi na send-off. Amejichanga kwa jasho, ana akiba kidogo, akaniuliza: anunue kipozeo cha maji chenye taa au asubiri? Nikamuuliza maswali mawili tu. Una UPS? Hana. Video za mabibi harusi unazihifadhi wapi? Kwenye diski moja, ileile iliyomo ndani ya kompyuta. Moja! Yaani send-off ya mtoto wa watu, ambapo mama mzazi alilia mbele ya kamera na babu aliyetoa baraka pengine hatakuwepo mwakani, ipo kwenye kipande kimoja cha chuma kisichokingwa na chochote, na mwenyewe anawaza kuzungushia maji pembeni yake. Bei ya kile kipozeo alichoonyeshwa dukani ingempa UPS na diski ya nje, na chenji ya nauli ingebaki. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba wateja wakiingia ofisini na kuona taa na maji wanaamini yeye ni mtaalamu. Sikumcheka, maana biashara ni yake na mjini watu wananunua kwa macho. Ila bibi harusi akija kudai video yake, taa hazitamjibu.

Tuseme bado unang'ang'ania. Maji gani utatia? Kwa zile zilizofungwa kiwandani hutii kitu, sawa, lakini pampu yake ikifa unatupa vyote, na kipuri unakisubiri kije na basi kutoka Dar, kilomita zaidi ya 600, kama kipo. Wale wa kujiungia wenyewe mipira ndio wananitisha. Nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema atatia maji ya bomba. Ya Arusha! Nenda Maji ya Chai, jina linajieleza, ukatazame meno ya wazee. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha floridi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya kuzunguka Meru vinapita kiwango hicho mara kadhaa. Ndiyo maana Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floridi kwa mkaa wa mifupa, na ndiyo maana Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, alishinda Tuzo ya Afrika ya chuo cha wahandisi cha Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake. Maji yenye madini tele ukiyazungusha kwenye shaba na alumini, alumini inaliwa taratibu na vijia vyembamba vinaziba. Mwingine atakwambia nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta. Angalia sana, jina hilo mtaani hubeba vitu viwili, na kimojawapo kina asidi.

Kuvuja nako siyo hadithi za kutishia watoto. Apple walitoa Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika mwaka 2004, kiwandani, na wahandisi wao wote wale, na baada ya miaka michache baadhi zikaanza kuvuja na kuunguza ubao mama. Kama Apple walivuja, wewe na gundi ya Soko Kuu?

Najua nitaambiwa napinga maendeleo. Nchi hii mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na sina hamu ya kurudi kule. Maji yana kazi yake. Kabati moja la seva za Nvidia GB200, zile za akili bandia, linakula takriban kilowati 120, na huko hewa imenyoosha mikono kweli. Nawe kama una prosesa ya wati 250 inayochakata filamu usiku kucha, au kava dogo lisiloingia kipozeo kirefu, nunua cha kufungwa kiwandani, sitakusumbua. Lakini niambie kwanza ni wangapi hapa mjini. Mimi nawajua wawili, na mmoja ameshahamia Nairobi.

Waliobaki, nunueni kipozeo cha hewa chenye mabomba manne au zaidi, feni moja ya kuingiza hewa mbele, moja ya kutoa nyuma, na UPS. Na hizo taa za rangi zinauzwa peke yake, kwa mita.