Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Musoma Humtunza Mchezaji Wake?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Msemo huu unafaa kutafakariwa mkoani Mara, ambako vijana wa Musoma, Bunda na Butiama hucheza mpira kwa wingi, lakini timu yao ilifika mbali kuliko ilivyotunzwa.

Mwaka 2018 Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu. Msimu wa 2020/21 ilimaliza katika nafasi ya nne, ikashiriki Kombe la Shirikisho barani Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti, kisha Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0. Mchezo wa marudiano haukuchezwa: timu haikusafiri kwenda Libya, ikaondolewa mashindanoni. Mwisho wa msimu huo ilishuka daraja.

Klabu isiyo na mfuko wake huishi kwa fadhila. Mfadhili akichelewa, jasho la vijana hupotea bure. Mfuko wa kudumu huanza na kiingilio kidogo cha wengi, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Historia ina fundisho. Mwaka 1895, huko Huddersfield, klabu za raga za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama chao ili ziwafidie wachezaji wao, wengi wao wafanyakazi wa viwandani na migodini, ujira waliopoteza kwa ajili ya mchezo. Fidia hiyo ilitegemea mapato ya langoni. Waliolipa walikuwa majirani wa wachezaji. Walimtunza mtu waliyemfahamu.

Kwetu, uhusiano huo ni dhaifu. Mtoto hucheza UMITASHUMTA, kisha UMISSETA, lakini moyo wake huenda Simba au Yanga. Timu ya mkoa haikumwita alipokuwa mdogo. Kwa nini ailipie akiwa mkubwa?

Hivyo kazi ianzie chini. Timu za shule na za mitaa zicheze mechi ya utangulizi katika Uwanja wa Karume, ili wazazi waje kumwona mtoto wao na kubaki kuitazama timu kubwa. Pawepo tiketi nafuu ya familia. Zaidi ya yote, mapato yasomwe hadharani, kama matoleo yasomwavyo parokiani kila Dominika. Hati ya michezo iliyotolewa mwaka 2018 na Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha iliitaja rushwa miongoni mwa changamoto kubwa za michezo; na hakuna anayetoa kwa moyo pale asipojua sadaka yake imekwenda wapi.

Kiingilio, basi, si bei ya burudani tu. Ni namna ya jamii kumwambia kijana wake kwamba jasho lake lina thamani, na kwamba siku ya safari hataachwa njiani.