Haliburton hakufaa kuchezeshwa

Kama ulikesha kuamkia Februari 10, 2025 ukitazama Super Bowl, ulijua kufikia mapumziko kwamba usingizi umepotea bure. Eagles 24, Chiefs 0! Ndoto ya Chiefs kubeba taji mara tatu mfululizo ikazimwa 40-22. Haki yao, bana.

Kilichoniuma mimi ni kikapu. Juni hiyo, fainali ya NBA kati ya Thunder na Pacers ilifika mechi ya saba. Tyrese Haliburton aliingia na jeraha la misuli ya shavu la mguu, alilopata mechi ya tano. Akafunga pointi 9 chapchap, kisha kano ya kisigino ikakatika, hata robo ya kwanza haijaisha. Thunder wakashinda 103-91, naye akakosa msimu mzima uliofuata.

Utasikia mabeshte wakisema, "Huyo ni shujaa." Sawa, lakini shujaa wa miaka 25 anayeliona kombe hivi, wewe unadhani atasema hapana? Mwenyewe aliandika baadaye kwamba angerudia tena. Si ndiyo sababu uamuzi haukufaa kuachiwa yeye?