Mwalimu Anaulizwa Maharimu, Mtumishi Anakabidhiwa kwa Dalali

Kila sifa njema ni stahiki ya Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu wa Mbeya na Iringa, ipo hukumu moja ya dini yetu ambayo tunaipimia watu kwa vipimo viwili, nayo ni hukumu ya safari ya mwanamke na maharimu wake. Tumeinyamazia hali hii kwa muda mrefu, na ukimya wetu umeanza kuwa ushahidi dhidi yetu.

Tuanze na yanayoonekana. Kiswahili leo kinafundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, na vilevile Leipzig, Bayreuth, London, Osaka na Beijing. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kati ya Juni na Agosti, miezi ambayo kwao ni kiangazi na kwetu ni kipupwe cha kuvaa makoti, baadhi ya vyuo vya Marekani huendesha kozi za haraka za lugha kwa muda wa wiki sita hadi nane. Kozi hizo huhitaji walimu ambao Kiswahili ni lugha yao. Mhitimu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa Iringa mwaka 2005, ana sifa ya kuomba kazi kama hiyo. Mwalimu msaidizi katika chuo chochote cha Mbeya anaweza kwenda wakati wa likizo ndefu na kurudi bila kuacha kazi yake.

Sasa tujiulize: binti wa Kiislamu anapoleta barua ya namna hiyo nyumbani, hutokea nini? Huitwa kikao. Baba wadogo huja, wajomba huja, na sheikh wa mtaa hualikwa. Hadithi ya maharimu husomwa kwa sauti nzito. Huulizwa atalala wapi, atakula nini, ataongozana na nani. Kisha jibu hutolewa: haendi. Kikao hufungwa kwa dua na watu hutawanyika wakiamini wameilinda dini.

Hatusemi maswali hayo ni mabaya. Ni maswali ya haki, na walii asiyeyauliza hajui wajibu wake. Tunachouliza sisi ni kwa nini kikao hicho hakiitwi kwa ajili ya binti mwingine.

Huyo mwingine anatoka Kilolo, Mufindi au Rungwe. Pengine hajamaliza hata shule. Amekuja mtu anayejiita wakala, au mama fulani anayejuana na shangazi yake, naye anapakiwa basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kuwa hausigeli katika nyumba ambayo hakuna wa ukoo wake aliyewahi kuikanyaga. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 500, na kutoka Mbeya zinapita 800. Wanazuoni wengi wamekadiria safari ya kupunguza swala kuwa kilomita zipatazo 80. Basi yule yule sheikh anayepunguza swala akifika Morogoro anajua fika kwamba binti aliyekaa kiti cha nyuma yake naye yumo safarini. Maharimu wake yuko wapi? Nani aliuliza?

Wengine hawaishii Dar es Salaam. Huvuka bahari kwenda Oman na Falme za Kiarabu. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani katika nchi hizo mbili. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi bila mapumziko na kukatwa au kunyimwa mishahara. Baadhi yao walieleza kupigwa na kudhalilishwa. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi kukaa nchini hufungwa kwa mwajiri wake, naye akikimbia huonekana yeye ndiye mkosaji.

Ukiwauliza wazee waliomruhusu, jibu lao ni moja: "Amekwenda nchi ya Kiislamu." Subhanallah! Ni wapi hadithi ya maharimu imetofautisha nchi ya kwenda? Hadithi hizo zimepokewa kwa matamko mbalimbali. Ipo inayotaja mwendo wa mchana na usiku, ipo ya siku mbili, ipo ya siku tatu, na ipo isiyotaja muda. Hakuna hata moja inayosema kwamba anayekwenda kufagia Muscat amesamehewa na anayekwenda kufundisha Wisconsin amekatazwa. Tofauti hiyo imetoka katika mifuko yetu. Wakala hutanguliza fedha kwa familia, na mtumishi hutuma mshahara kila mwezi. Mwalimu wa wiki nane hurudi na elimu, uzoefu na akiba iliyo mkononi mwake mwenyewe. Hilo ndilo linalowatia baadhi yetu hofu, kisha tunaipa hofu hiyo jina la dini.

Wako vijana watakaosoma haya na kusema: basi hukumu yenyewe imepitwa na wakati, tuiweke kando. Hapana. Hatukuandika ili kuwafungulia mlango huo. Hadithi ni sahihi, ziko katika Bukhari na Muslim, na Muislamu hapewi hiari ya kuzikunja zinapombana. Hata hivyo wanazuoni wetu waliozihifadhi hawakuzisoma kwa jicho moja. Imam Malik na Imam Shafi aliruhusu kila mmoja wao mwanamke kwenda hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, ilhali Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad walisimama kwenye sharti la maharimu. Imam Nawawi ameeleza kwamba baadhi ya wanazuoni wa Kishafi walipeleka ruhusa hiyo hata kwenye safari isiyo ya faradhi, na kwamba wengi wao waliikataa. Hii ni khilafu ya watu wenye elimu, na kila upande una dalili yake. Anayechukua kauli kali katika safari ya mwalimu na aichukue pia katika safari ya mtumishi. Anayechukua kauli nyepesi naye afanye vivyo hivyo.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa ameandikwa katika jeshi, na mkewe ametoka kwenda kuhiji. Mtume alimwamuru aende akahiji na mkewe. Zingatieni, ndugu zangu: aliyepewa amri pale ni mwanamume. Alitolewa katika jihadi, amali kubwa kabisa, ili atekeleze ulinzi. Hukumu ya maharimu inaanza na wajibu wa mwanamume kabla haijafika kuwa katazo kwa mwanamke. Je, katika kikao kile cha baba wadogo na wajomba, nani alisimama akasema, "Mimi nitakwenda naye"? Nani alichangia nauli ya kaka yake? Nani aliandika barua kuuliza kama chuo kina makazi ya wanawake, na kama mji una msikiti? Aliyekataza bila kujitolea chochote ametekeleza nusu ya hukumu, tena ile nusu isiyomgharimu.

Wapo wanaodai kwamba hatari ni ya wanawake peke yao, na mwanamume anaweza kwenda popote. Historia ya lugha yetu inawajibu. Ujerumani ilianzisha chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin mwaka 1887, na humo Kiswahili kilifundishwa kwa maofisa waliokuwa wakija kututawala. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Muislamu msomi wa Bagamoyo, alikwenda huko mwaka 1900 kuwa mwalimu. Ndiye nguzo ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903. Wanafunzi wake hawakukubali kufundishwa na mtu mweusi, wakamvunjia heshima hadi akaacha kazi mwaka 1905. Aliporejea mwaka huo huo na mkewe wa Kijerumani, wakoloni waliwazuia kushuka Dar es Salaam. Alirudi Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1927. Mwanamume mzima, msomi, mwenye kazi ya heshima, alikosa wa kumtetea. Ugenini, anayesafiri bila jamaa nyuma yake ni mnyonge, awe mke au mume.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kila msikiti wa Mbeya na Iringa uwe na watu wachache, wanaume na wanawake, watakaosikiliza safari zote za mabinti zetu kwa kipimo kimoja. Mkataba usomwe mbele ya mzazi kwa lugha anayoielewa. Tiketi ya kurudi na pasipoti vikae mkononi mwa msafiri. Ubalozi wetu ujue alipo. Makazi yathibitishwe kabla ya safari, na Waislamu wa mji ule watafutwe mapema. Akipatikana maharimu, achangiwe. Asipopatikana, waulizwe wenye elimu, na jibu lao liwe lile lile kwa binti wa chuo kikuu na binti wa kijijini. Na wakala asiyeweza kujibu maswali anayoulizwa mwalimu asipewe mtoto wa mtu, hata akitoa salamu tamu kiasi gani.

Enyi masheikh wetu, mimbari mnazo. Ijumaa ijayo mabasi yataondoka alfajiri kama kawaida, na ndani yake watakuwamo mabinti wasiojua majina ya nyumba wanazokwenda. Wasemeeni hao kwanza. Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga, na hatutaulizwa kuhusu walimu pekee.

Wabillahi tawfiq.