Chanya na Isiyo Hasi: Istilahi Isiyojua Ithibati

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati ya juu kwa kuwa hakina istilahi za kutosha. Wapo pia watetezi wanaowajibu kwa orodha ndefu za maneno, kana kwamba lugha ya taaluma hujazwa jinsi duka linavyojazwa bidhaa. Pande zote mbili hudhani kuwa istilahi hutangulia hoja. Suala la polinomia na jumla ya miraba linaonyesha kwamba sivyo.

Polinomia x² − 2x + 5 haishuki kamwe chini ya sufuri. Ushahidi hudhihirika punde inapoandikwa upya kuwa (x − 1)² + 2², kwani mraba wa namba halisi hauwi hasi, na jumla ya miraba vilevile. Katika kigeu kimoja, kila polinomia isiyo hasi huandikika hivyo, na miraba miwili hutosha. Vigeu vinapoongezeka mambo hugeuka. David Hilbert alithibitisha mwaka 1888 kwamba zipo polinomia zisizo hasi ambazo si jumla ya miraba, na mwaka 1967 Theodore Motzkin akachapisha mfano ulio wazi: x⁴y² + x²y⁴ + 1 − 3x²y². Haiwi hasi, maana wastani wa x⁴y², x²y⁴ na 1 hauwi mdogo kuliko kipeuo cha tatu cha zao la kuzidishana kwao, yaani x²y². Lakini lau ingekuwa jumla ya miraba, polinomia zilizopigwa mraba zingekuwa na vijenzi vya aina nne tu: namba tupu, xy, x²y na xy². Hivyo x²y² ingetokana na xy kujizidisha yenyewe peke yake, na kizidishi chake kisingeweza kuwa −3. Hoja nzima, ikumbukwe, imesemwa kwa maneno ya shule ya msingi.

Mtunga istilahi hunaswa penye matriki, yaani jedwali la namba lenye safu mlalo na safu wima. Matriki yenye safu mlalo (1, 2) na (2, 1) ina namba chanya tupu. Hata hivyo, ikizidishwa kwa vekta (1, −1) pande zote mbili, jibu ni −2. Ile yenye safu (2, −1) na (−1, 2) ina namba hasi ndani yake, ilhali jibu lake haliwi hasi kwa vekta yoyote ile. Anayetafsiri kutoka kwenye orodha ataandika "matriki chanya" na kuridhika, asijue ameisifu ipi kati ya hizo mbili. Isitoshe, "chanya" huitupa nje sufuri, nayo sufuri imo. Kifaransa huihesabu sufuri ndani ya neno lake la chanya, kisha kikalazimika kuongeza kivumishi cha kuitoa. Kiswahili kina "isiyo hasi", ambayo haina utata wowote kuhusu sufuri, na ni ajabu kwamba wengi huiona kuwa maelezo tu wala si istilahi.

Neno "mraba" nalo hubadilika. Kwa matriki ambazo viingizo vyake ni polinomia, mraba ni matriki iliyozidishwa na mgeuzo wake, safu mlalo zikiwa zimefanywa safu wima. Katika kigeu kimoja, kila matriki linganifu isiyo hasi ni jumla ya miraba ya namna hiyo. Katika vigeu zaidi, Man-Duen Choi alionyesha mwaka 1975 matriki ya tatu kwa tatu isiyo hasi ambayo haiandikiki hivyo. Emil Artin alikuwa amethibitisha mwaka 1927 kwamba polinomia isiyo hasi ni jumla ya miraba pindi sehemu zenye polinomia juu na chini zinaporuhusiwa. Danielle Gondard na Paulo Ribenboim waliifikisha kanuni hiyo kwenye matriki mwaka 1974.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayewasilisha istilahi mia za hisabati bila ithibati hata moja hajafanya kazi ya istilahi. Afadhali alete istilahi sita na ithibati ya Motzkin, na aketi na mwanahisabati kabla ya kuketi na kamusi. Idara zinazotunuku alama kwa wingi wa maneno zinaweza kuanzia hapo, muhula huu.