Tusiusingizie mfumo kila kitu

Ndugu mwandishi, siafiki kwamba soko huria ndilo lililotuletea rushwa. Mwaka 1983, enzi za Ujamaa, Waziri Mkuu Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na sukari na sabuni zilikuwa zikipitia mlango wa nyuma. Soko likafunguliwa, ikaja kashfa ya umeme ya Richmond: Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu Februari 2008, uwaziri mkuu akaushika Pinda, mtoto wa hapa kwetu Katavi. Nakubali jambo moja, tena kwa uchungu: Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza miiko ya uongozi. Lakini huku kwetu mkulima wa mahindi haumizwi na mfumo, bali na karani wa ununuzi anayeamua peke yake gunia lipi lina unyevu, kipimo amekishika mwenyewe. Kisomwe mbele ya wakulima, na bei ibandikwe ukutani.