Ameposwa na Injinia wa Mtandao



Nawarejea wasomaji wetu na swali nililoletewa na mama mmoja wa hapa Mombasa. Binti yake, aliyemaliza masomo ya ualimu, ameposwa na kijana mwenye asili ya hapa hapa pwani ambaye kazi yake iko bara, katika kaunti za Migori na Homa Bay. Dini yake wameiulizia wakaridhika, na ukoo wanaujua. Lililomkaa mama huyu kooni ni kazi. "Sheikh," aliniambia, "nimeambiwa ni injinia wa mtandao. Mtandao naujua, ni huu ulio kwenye simu yangu. Lakini injinia wake hufanya nini mchana kutwa? Na mbona nilipompigia saa nne za usiku alikuwa juu ya kilima?"

Swali lake ni la haki, nami sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Safari ya darsa ilinipeleka Kendu Bay, mji wa ziwani wenye Waislamu wa tangu zamani, na huko nikapata nafasi ya kukaa siku mbili na kijana mwingine, mzaliwa wa Mombasa, anayefanya kazi ile ile katika kaunti zile zile kwa kampuni nyingine. Nilimsikiliza yeye, nikamsikiliza na mkewe. Majina yao nayahifadhi.

Tuanze na lililo karibu nasi. Intaneti wanayoitumia watu wa Migori huingia nchini kupitia ufuo wetu sisi. Mwezi wa Juni mwaka 2009 waya wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika nchi ya Imarati, masafa ya kama kilomita 5,000, ulifika Mombasa. Mwezi uliofuata ule wa SEACOM ukaanza kazi. Kabla ya hapo nchi yetu ilitegemea setilaiti, na wenye umri wangu wanakumbuka vyumba vya intaneti ambamo ulilipa kwa dakika, na ukurasa mmoja ukachukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Kutoka Mombasa nyaya za kioo, ambazo watu huziita faiba, zimefukiwa kando ya barabara, nyingine zimetundikwa nguzoni, zikapita Nairobi na kuenea hadi makao ya kaunti. Baadhi ni za mradi wa serikali uitwao NOFBI, nyingine ni za makampuni. Ndani ya waya mna nyuzi nyembamba mfano wa unywele, na ndani ya nyuzi hizo hupita mwanga. Kutoka ufuoni kwetu hadi mji wa Migori ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara; mwanga huo huzikata kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde.

Injinia wa mtandao ndiye mchunga njia hiyo. Kijana wangu, baada ya swala ya alfajiri, kabla hajanywa chai, hufungua kompyuta yake na kutazama orodha ndefu ya mahali: ofisi za kaunti, vituo vya afya, shule, benki, maduka makubwa. Penye uzima pana alama ya kijani, penye hitilafu pana nyekundu. Asubuhi niliyokuwa naye nyekundu zilikuwa mbili, moja shuleni upande wa Ndhiwa na nyingine katika ofisi karibu na Awendo, kwenye mashamba ya miwa.

Ile ya shule ilituchukua zaidi ya saa nzima ya barabara, na vumbi lake. Tulipofika tukakuta kwamba mtu alichomoa plagi ya ruta ili apate pa kuchajia simu yake. Nilitaka kucheka, kijana akanizuia kwa jicho. Alimwita mwalimu mkuu, akamwonyesha plagi kwa adabu, akabandika karatasi ukutani, akaandika katika daftari lake muda wa kukatika na sababu yake. Njiani ndipo alipocheka. Akaniambia kwamba sehemu kubwa ya uhandisi wake ni umeme, plagi na watu, na kwamba aliyetarajia kukaa kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya kioo kikubwa angevunjika moyo mwezi wa kwanza.

Ya Awendo ilikuwa kazi hasa. Waya ulikuwa umekatika mahali fulani chini ya ardhi, na ardhi haisemi. Basi mafundi hutumia chombo kinachopeleka mwanga ndani ya uzi na kupima unachukua muda gani kurudi. Kwa muda huo huhesabu umbali wa mahali palipokatika, karibu kwa mita. Chombo kilisema, gari likaenda, na pale pale tukawakuta vijana wakichimba mtaro wa bomba la maji, nao hawana habari. Hapakuwa na ugomvi. Wale mafundi wawili wa faiba walikaa chini ya mwavuli, wakachuna ganda la waya, wakasafisha nyuzi kwa spiriti, wakazikata ncha zikawa sawa kabisa, kisha mashine ndogo ikaziyeyusha na kuziunga moja baada ya nyingine. Mikono yao ilikuwa mitulivu kama ya mshona kofia za vito. Wakati huo injinia alikuwa kwenye simu akiwapitisha watu wa ofisi ile katika njia nyingine, ya minara, mpaka waya utengemae. Kumbe hiyo ndiyo tofauti ya fundi na injinia: fundi huunga kilichokatika, na injinia amekwisha kufikiri tangu mwaka jana kwamba siku moja kitakatika.

Adhuhuri tuliswali kando ya gari, na maji ya udhu alikuwa nayo kwenye dumu. Miji ya Migori na Homa Bay ina misikiti, lakini Karungu au Muhuru Bay mchana wa kazi si mahali pa kusubiri kusikia adhana. Hili namwambia mama wa posa kwa furaha: nilimtazama kijana huyu siku mbili, na hakuna kipindi kilichompita.

Sasa nije kwenye usiku, maana hapo ndipo penye swali lenyewe.

Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mvua ya usiku inapokuja kutoka ziwani, umeme hukatika, betri za mnara huanza kuhesabu saa zao, na radi ikiukuta mnara ambao waya wake wa shaba wa kuingiza umeme ardhini umeibwa, huunguza vyombo. Hapo simu hulia. Kituo cha afya hakiwezi kufungua kumbukumbu za mgonjwa, wakala wa pesa amekwama na foleni, na mgonjwa na mwenye foleni hawajui kuna mtu anayeitwa injinia wa mtandao; wanajua tu kwamba mtandao umepotea. Kazi hii ina sifa hiyo ya ajabu: ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Tarehe 12 Mei mwaka 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Kijana huyu alitukanwa na watu wa Rongo na Oyugis siku nzima kwa jambo lililotokea chini ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka kwake.

Mkewe, mzaliwa wa Lamu, alizungumza nami mbele ya mumewe na mama mkwe wake aliyekuwa mgeni pale. "Maalim," akasema, "mwaka wa kwanza niliiona simu ile kama mke mwenza. Inalala chini ya mto wake, inalia saa nane za usiku, naye anatoka. Nilinuna sana. Siku moja nikaenda kliniki na mtoto, mtandao ukawa haupo, nikakaa saa tatu kwenye benchi. Siku ile nikaacha kununa. Lakini hofu haikuniacha, kwa sababu ya barabara na mvua, na upweke pia. Sikuijua Kijaluo, hata omena nilinunua kwa kuonyesha kidole. Wanawake wa msikitini ndio walionipokea."

Nikamuuliza ni nini kilichoituliza nyumba. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati: ratiba ya zamu. Wiki moja simu ni ya mumewe, wiki mbili zinazofuata ni za wenzake. "Wiki yake silalamiki," akasema, "na wiki zangu hazipokei." Wapenzi wasomaji, kwa maoni yangu karatasi ile ina thamani kuliko samani zote za harusi. Na nitasema wazi: mwajiri anayemweka mtu mmoja kwenye zamu ya kila usiku wa mwaka hakununua kazi, amenunua mtu pamoja na mkewe na watoto wake, na mshahara hata ukiwa mnono hauhalalishi hilo.

Basi mama, jina "injinia" lisikutishe wala lisikulevye. Kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 jina hilo nchini Kenya ni la waliosajiliwa na bodi yao, na wengi wa vijana wa mtandao hawamo katika daftari hilo. Wamesomea kompyuta, na "injinia" ni jina la ofisini. Si aibu. Wengi huanza na diploma au shahada, wakavuta nyaya na kupanda ngazi mwaka mmoja au miwili kwa ujira mdogo, kisha hufanya mitihani ya vyeti kama vya Cisco. Cheti cha Cisco kiitwacho CCNA hudumu miaka 3 tu, na asiyejisomea tena humwisha. Kwa hiyo ukimkuta mkweo na kitabu saa tano za usiku, usidhani anakukimbia mazungumzo. Baadaye aliyejitahidi huhamia kwenye kupanga na kubuni mitandao, na hapo usiku hupungua.

Muulizeni haya kabla ya kutaja mahari. Ana mkataba wa kudumu, au analipwa kwa kila kazi? Zamu ni wiki ngapi kwa mwezi? Je, yeye mwenyewe hupanda minara, na akipanda mwajiri amemkatia bima inayotakiwa na sheria ya fidia ya wafanyakazi? Binti yenu, mwalimu, ataishi Migori au Homa Bay, na ataweza kufundisha huko? Na akiwa safarini kisiwani Mfangano, ambako kurudi hutegemea mashua, nani atakuwa karibu na mkewe?

La mwisho la kumuuliza ni amana, na hili nalitilia mkazo kwa sababu nililisikia kwa masikio yangu. Kijana aliniambia kwamba ombi analopewa zaidi na jamaa, wanaume kwa wanawake, ni hili: "Nitazamie mume wangu anaongea na nani," au "Nifungulie simu ya mke wangu." Ukweli ni kwamba mazungumzo mengi siku hizi husafiri yakiwa yamefungwa, hata injinia hawezi kuyasoma, lakini huona mengine, nani kaunganishwa, wapi na saa ngapi. Kupeleleza aibu za watu dini imekataza, na nchi nayo imeweka sheria, ile ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 na ile ya kulinda data ya mwaka 2019. Tafadhali msiwaombe watoto wetu jambo ambalo wakilifanya watapoteza kazi duniani na hoja akhera. Kijana huyu humjibu kila mwombaji kwamba chombo hicho hana, kisha humshauri akazungumze na mwenzake sebuleni.

Kuna wasomaji watakaouliza, na mabinti je? Kazi hii haikuanzishwa na wanaume peke yao. Kampuni ya Cisco ilianzishwa mwaka 1984 na mume na mke, naye mke ni Sandy Lerner. Mwaka uliofuata mwanamke mwingine wa Marekani, Radia Perlman, alibuni kanuni inayozuia taarifa kuzungukazunguka bila mwisho ndani ya mtandao, na kanuni hiyo imetumika dunia nzima. Hapa kwetu Dorcas Muthoni, mtaalamu wa kompyuta na mwanzilishi wa AfChix, jumuiya ya wanawake wa fani hiyo, aliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya heshima ya watu walioijenga intaneti duniani. Sehemu kubwa ya kazi, ile ya kuchunga alama za kijani na nyekundu na kuelekeza mafundi, hufanywa chumbani, hata mjini kwetu Mombasa, na haihitaji kupanda mnara wala kusafiri usiku. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kipo Tudor, na wazee wanakijua kwa jina la MIOME, taasisi iliyojengwa kabla ya uhuru ili watoto wa Kiislamu wapate ufundi. Mlango wake uko wazi. Binti anayeipenda njia hii ashike hesabu na fizikia mapema shuleni, na mzazi asizitoe fizikia ratibani kwa hoja kwamba hazimfai msichana.